Daktari Njagi na Kuku Wasio Wagonjwa

Miaka thelathini na moja ya ndoa imenifundisha kwamba mume wangu Njagi hawezi kumtazama mtu usoni na kumwambia neno la maana. Siku aliyonichumbia alikuwa ameinama akikagua kwato za mbuzi wa baba yangu. "Huyu yuko sawa," akasema. Halafu, bila kuinua kichwa, "Na wewe, kuna mtu ameshakuja kukuuliza?" Nilingoja mbuzi ajibu kwanza.

Sasa ukiambiwa kwamba mtu wa namna hiyo ndiye vijana wa hapa kwetu Ishiara wanaompelekea siri zao, si utacheka? Mimi nilicheka miaka miwili mizima. Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka thelathini, hadi nilipostaafu. Nina cheti cha ushauri nasaha nilichokipata kwenye semina ya siku tano mjini Embu, nacho kimetiwa fremu sebuleni. Hakuna kijana hata mmoja aliyewahi kuniletea siri yake. Wanampelekea Njagi, ambaye vyeti vyake vyote ni vya minyoo na kupe.

Alikuwa afisa wa mifugo wa serikali, akizunguka Mbeere Kaskazini yote kwa pikipiki. Alipostaafu tukafungua duka la dawa za mifugo hapa sokoni. Mbele kuna kaunta, na ndipo ninapokaa. Nyuma kuna chumba kidogo chenye meza ya bati ambapo anawatazama wanyama wadogo. Kati yetu kuna ubao mwembamba wenye ufa. Mimi sisikilizi. Nasikia tu.

Mambo yalianza na jogoo. Kijana wa kidato cha pili, Muchangi, alimleta akiwa amembana kwapani. Njagi akampekua macho, mdomo, mabawa, hata kule nyuma, asione kitu. Mtu mwingine angewafukuza wote wawili. Njagi akaendelea kumshika yule jogoo, akauliza, "Amekuwa hivi tangu lini?" Tangu Jumanne. "Na Jumanne kulitokea nini?" Hapo kijana akaanza kulia, jogoo akaanza kuwika, na mimi kule mbele nikamuuzia mteja dawa ya minyoo badala ya dawa ya kupe.

Lazima uelewe kwetu kulivyo. Shuleni kuna ofisi ya mshauri, lakini imeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Mwanafunzi akiingia saa nne, kufikia chakula cha mchana shule nzima inajua ana shida, na kufikia jioni soko zima linajua ni shida gani, hata kama si hiyo. Ukienda kwa mchungaji, mama yako ataombewa Jumapili kwa jina. Lakini mtoto anayepita sokoni na kuku kwapani, nani atamuuliza? Anaenda kwa daktari.

Basi habari ikasambaa bila mtu kuisema. Nimeona kuku waliopata D ya hesabu. Nimeona kuku walioachwa kwa ujumbe wa simu, na sungura aliyekuwa akitafuna muguka, yale majani ya kulevya, kwa siri na hajui ataachaje. Kuna tetea mmoja mweupe wa msichana anayeitwa Gatakaa aliyekuja mara nyingi hivi kwamba alikuwa akiingia mwenyewe na kuruka mezani. Mama mmoja alikuja kunilalamikia kwamba kuku wake wameacha kutaga. Nilitaka kumwambia watataga saa ngapi, na kila siku wako safarini.

Na usidhani Njagi anatoa ushauri. Hatoi. Ana maswali matatu ya mifugo: ilianza lini, ni nini kilibadilika kabla haijaanza, na je, anakula? Baada ya hapo anakaa kimya, mkono juu ya manyoya, macho kwa kuku. Mambo yakiwa mazito humpeleka mtoto kwa muuguzi wa kituo cha afya. Yakiwa mepesi husema, "Rudi Alhamisi." Mimi huwa nakufa nyuma ya ule ubao. Nina mashauri ya kujaza gunia, na nimekatazwa kufungua mdomo.

Kati ya wote waliopita pale, kisa cha Winfred ndicho ninachotaka kusimulia. Amenipa ruhusa. Yuko chuo sasa, na nilipompigia simu akasema, "Andika tu, Mwalimu. Lakini andika pia kwamba nilipata B."

Alipata B.

Jina lake kamili ni Winfred Njoki. Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na hapewi jina peke yake, hupewa na heshima yake. Baba yake, Ireri, mkulima wa ndengu na mfugaji wa mbuzi kule chini, alimwita "Mami" tangu akiwa kwenye kitambaa cha mgongoni. Hakuwahi kumchapa wala kumkemea. Utamkemeaje mama yako? Akifanya kosa, Ireri alimwambia mkewe amkanye, na mkewe, ambaye ni mpishi wa shule moja mjini Embu na huja nyumbani wikendi, alimwita mtoto wake "mavyaa" kwa utani na kumwogopa kwa kweli. Shangazi zake wakija walimletea sukari. Nyanya yake, Njoki mkubwa, ambaye Winfred alimwita cucu, aliyatazama haya yote akicheka. Yeye alimwita mjukuu "mwenzangu," wakinywa chai pamoja na kusengenya ukoo mzima.

Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, Njoki mkubwa akafariki. Winfred alikuwa kidato cha tatu, miaka kumi na sita.

Pale kaburini nilimwona akitetemeka mdomo, na shangazi zake wakamvuta kando. "Mami, usilie," wakasema. "Njoki hajaenda mahali. Njoki si ni wewe?" Walisema kwa mapenzi. Mimi nami nilimshika mkono nikamwambia vivyo hivyo. Nikaona nimesema jambo zuri sana. Nikarudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu.

Baada ya mazishi mambo yakazidi. Kikombe kikubwa cha bati cha marehemu akapewa yeye. Kigoda akapewa yeye. Shangazi wawili waliogombania mbuzi walikuja kwake awaamue, na akawaamua, naye bado hajafanya mtihani wa Biolojia. Ireri alimuuliza, "Mami, tuuze ndengu sasa ama tungoje bei ipande?" Akamwambia wangoje. Bei ikashuka. Hakuna aliyemlaumu, maana mama halaumiwi.

Mwezi wa Juni, shule ilipofunga siku chache katikati ya muhula, Winfred alishuka stendi ya Ishiara na sanduku lake lote, na godoro. Mwanafunzi wa bweni haji na godoro katikati ya muhula isipokuwa amefukuzwa. Hakuwa amefukuzwa. Alimwambia baba yake kwamba amemaliza na shule, akaketi kwenye kigoda akaanza kuchambua ndengu.

Ireri alichanganyikiwa. Mzazi mwingine angepiga kelele, angemburura mpaka lango la shule. Yeye alisimama mlangoni na kofia mkononi akisema, "Mami, tafadhali fikiria tena." Shangazi walikuja wakakubaliana kwamba kuna mvulana. Mchungaji akaja akaombea jambo ambalo hakulijua. Mwalimu mkuu akapiga simu kusema kwamba nafasi yake itashikwa hadi Jumatatu ya wiki iliyofuata, baada ya hapo watajaza kitanda. Hivyo kulikuwa na siku tisa, na mtoto mwerevu kuliko wote wa ukoo ule alikuwa akichambua ndengu.

Siku ya tatu alikuja dukani na kuku.

Hapo ndipo Njagi wangu, bingwa, alipoharibu. Kwa sababu kuku wa Winfred alikuwa mgonjwa kweli. Macho yamevimba, anakohoa, puani kunatoka uchafu. Njagi alikuwa amekaa miezi bila kuona kuku mwenye ugonjwa, na furaha ilimjaa kama mtu aliyepata mgeni wa kwao. "Haya ni mafua ya kuku!" akatangaza. Akampa dawa ya kuchanganya na maji, akamweleza kuhusu usafi wa banda, akamsindikiza mpaka nje. Msichana alisimama pale kwenye jua kidogo, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda.

Nilimngojea mume wangu anawe mikono.

"Njagi. Huyo alikuwa Winfred wa Ireri."

"Najua. Kuku wake atapona."

"Umetibu kuku!"

"Sasa mimi ni nani, Mama Adrian? Si mimi ni daktari wa kuku?"

"Wewe ni daktari wa kuku siku hiyo moja tu mtu hataki uwe daktari wa kuku!"

Usiku ule hakula vizuri, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwacha asile. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuwa ameficha, alikuwa ameyaleta mpaka mezani na hayakuonekana.

Siku mbili baadaye Winfred akarudi na kuku yuleyule, macho yakiwa yamefunguka, mzima kabisa. Niliwaacha wateja wawili kwenye kaunta nikasogea karibu na ubao. Sikusikiliza.

"Daktari, hii kuku bado."

"Inakohoa?"

"Hapana. Hiyo ilipona. Ni usiku. Inalala, halafu... inalowesha mahali imelala."

Kuku hana kibofu. Njagi anajua hilo kuliko mtu yeyote katika Mbeere nzima, maana amewapasua mamia. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Hutokea," akasema. "Ilianza lini?"

"Tangu tufungue shule. Mwezi wa tano."

"Kabla ya hapo kulibadilika nini?"

"Hakuna."

"Aprili?"

"Aprili cucu ali... Sijui nisemeje. Kwetu hakuna mtu ameisema."

"Alikufa," Njagi akasema polepole, kwa kuku.

Mteja wangu mmoja aliita, "Mwalimu, uko?" nikaweka kidole mdomoni kumnyamazisha.

"Nilitaka kulia," Winfred akasema. "Wakaniambia Njoki hawezi kulilia Njoki. Sasa huko shule ndiyo inatoka hivyo. Wananiita Masinga, Daktari. Kama hiyo dam ya maji. Asubuhi wakifungua madirisha ya domu wanaziba mapua, na godoro lazima nianike mbele ya kila mtu." Akanusa. "Daktari, si kuku. Ni mimi."

"Najua," Njagi akasema. "Lakini mshike tu."

Sitasema nililia, kwa sababu nilikuwa kazini. Nitasema tu kwamba maneno haya, "Mwalimu naye alisema hivyo," sikuyasikia yakitoka mdomoni mwake. Niliyasikia kichwani mwangu mwenyewe. Cheti changu cha siku tano kiko kwenye fremu, na mimi ndiye niliyemfunga mtoto mdomo pale kaburini kwa mkono wangu na kwa tabasamu.

Alipotoka nikamfuata nje. Nikamwambia, "Winfred, nilikosea ile siku. Ningekuacha ulie." Akaniangalia kana kwamba nimeongea Kichina. Kisha akasema, "Ni sawa, Mwalimu," kwa sauti ya mtoto, si ya Mami, na nikajua si sawa, lakini tumeanza.

Siku iliyofuata nilimpeleka kwa muuguzi. Akapimwa mkojo na sukari. Mwili ulikuwa mzima kama kuku wa Muchangi. Tuliporudi dukani, Njagi akamuuliza kama anaweza kuongea na baba yake.

"Ya godoro, hapana," Winfred akasema. "Hiyo nitasema mwenyewe, nikiweza. Mwambie ile ingine."

"Ipi?"

"Mwambie mimi si mama yake."

Wakati huo zilikuwa zimebaki siku tatu. Na Njagi alikuwa na tatizo jipya, kwa sababu Ireri si kijana, hana sababu ya kuleta kuku. Mume wangu, mtu mzima wa miaka sitini na mbili, alikosa kabisa jinsi ya kumwita jirani waongee bila mnyama kati yao. Mwishowe akampigia simu akamwambia alete beberu wake achanjwe. Beberu alikuwa ameshachanjwa mwezi wa Machi, na Njagi mwenyewe.

Ireri akaja, beberu akiburuta miguu nyuma yake kama anayejua analetwa kwa uongo.

"Daktari, huyu hana kitu. Alikuwa amechanjwa."

"Mlete tumwangalie kwato," Njagi akasema, akainama.

Mimi safari hii sikukaa nyuma ya ubao. Nilisimama mlangoni.

"Ireri," Njagi akaiambia miguu ya beberu, "mama yako alikufa lini?"

Ireri akacheka kidogo. "Mama? Mama nimemwacha nyumbani akichambua ndengu."

Beberu akapiga chafya. Na hapo nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona katika ndoa yangu. Njagi aliinua kichwa. Alimtazama mwanamume mwenzake usoni, labda sekunde tatu, akasema, "Huyo ni Winfred. Ana miaka kumi na sita. Wewe ndiye mzazi." Kisha akarudi kwa kwato haraka, masikio yakiwaka, nami nikataka kumbusu mbele ya mteja, mbuzi na Mungu.

Ireri akakaa kwenye gunia la chakula cha ng'ombe. Akavua kofia. Akaivaa. "Mwalimu," akaniambia baadaye, "twende na wewe. Peke yangu sitaweza." Tukaenda, tukimwacha beberu na Njagi wafarijiane.

Saa kumi jua bado lilikuwa kali. Winfred alikuwa kibarazani kwenye kigoda cha nyanya yake, ungo wa ndengu mapajani, kikombe cha bati kando. Alipomwona baba yake akanyoosha mgongo, akatunga uso ule wa mtu mzima tuliokuwa tumemvisha sote.

"Winfred," Ireri akasema.

Msichana akageuka kutazama nyuma yake. Sijui alifikiri kuna nani. Hakuwa amewahi kuitwa hivyo na baba yake.

"Winfred, mama yangu alikufa. Cucu wako alikufa. Hayuko. Nilimzika mimi, na... na nikakwambia uwe yeye kwa sababu mimi siwezi... sijui kukaa hapa bila yeye."

Ungo ulianguka. Alilia kilio cha mtoto mdogo, cha kamasi na kwikwi, cha kuita "cucu, cucu" bila aibu, na Ireri akapiga magoti kwenye ndengu zilizomwagika akamshika, baba naye akalia vibaya kuliko binti. Kuku wa pale walikuja wakala ndengu zote na hakuna aliyewafukuza. Na mimi nililia. Safari hii sikuwa kazini.

Ilipotulia, akiwa bado amejificha kifuani mwa baba yake, Winfred akasema kitu. Ireri hakusikia. Akarudia.

"Nakojoa kitandani, baba. Huko shule."

Nilimwona Ireri akifikiri. Kisha akafanya nisichotarajia, akacheka, machozi yakiwa bado yanamtoka.

"Mimi nilikojoa mpaka darasa la saba. Mpaka darasa la saba, Winfred! Mama yangu alikuwa anaamka kabla ya watu, ananianikia blanketi nyuma ya ghala kusudi wenzangu wasione. Akaninyamazia mpaka ikaisha yenyewe. Hakuniambia hata neno moja."

"Cucu hakuniambia hiyo," Winfred akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu cha kicheko usoni mwake. "Na tulikuwa tunasengenya kila mtu."

"Nitaongea na matroni. Atakupa kitanda cha karibu na mlango wa nyuma, na mahali pako pa kuanika. Kama hataki nitalala hapo langoni mpaka atake." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. Kisha akasimama, akaweka mikono kiunoni, akaishusha, akaiweka tena, kama mtu anayejaribu koti la kuazima. Alikohoa.

"Jumatatu unarudi shule," akasema.

Halikuwa ombi. Ireri mwenyewe alionekana kushtuka.

Winfred alimtazama, macho mekundu, uso wote umevimba.

"Na nikikataa?"

"Hukatai. Mimi ni baba yako."

Msichana akainamisha kichwa. Nilikuwa karibu nikaona vizuri. Alikuwa akitabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Ndiyo, baba," akasema, akaenda kuosha uso.